MAPIGO YA MOYO NI SOMO LA SAYANSI

Msimu wa mashindano ya sayansi ya shule za sekondari ufikapo, wazazi wengi wa huku kwetu huulizana: mtoto aenda kutafuta nini huko, na masomo yamngoja? Kipindi cha mazoezi ya viungo nacho huitwa mchezo tu, khasa mtoto akiwa wa kike. Mimi naona mambo haya mawili ni ndugu wa tumbo moja, na awatenganishaye awapunja watoto wetu.

Natutazame kipimo kimoja cha siha kisichotaka fedha. Kilitungwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kikatangazwa mwaka 1943. Chataka kidato cha kimo cha sentimita 50 hivi, na saa yenye mshale wa sekunde. Hata baraza ya nyumba yafaa, ikiwa kimo chake chafika hapo.

Mwanafunzi hupanda na kushuka mara 30 kwa dakika, muda wa dakika 5, au mpaka ashindwe. Kisha huketi. Dakika moja ikipita, mwenziwe humshika kifundo cha mkono akahesabu mapigo kwa nusu dakika. Huhesabu tena baada ya dakika ya pili, na ya tatu. Sekunde alizopanda huzidishwa kwa 100, halafu hugawanywa kwa jumla ya mapigo hayo mara mbili. Tuseme alitimiza sekunde zote 300, na mapigo yakawa 80, 70 na 60. Jumla ni 210. Gawanya 30,000 kwa 420, atapata 71. Huyo ni wa wastani, wala si haba. Afikaye 90 ni farasi! Mwenye pumu au maradhi ya moyo asijaribu bila idhini ya daktari, kwani dakika 5 hizo si mzaha.

Haya, ndugu msomaji, huo ni mchezo au ni hesabu?

Msichana aliyewapima wenziwe ishirini na kuandika kila tarakimu daftarini ana mali ya kupeleka mashindanoni. Na aulize swali lake: je, mapigo ya aliyefunga Ramadhani hubadilika baina ya asubuhi na alasiri? (Saumu na kidato havipatani juani; mfungaji apimwe ameketi.) Hapo waamuzi watamkaba. Uliwapima saa ile ile? Waliokula daku na wasiokula uliwatenga? Umejuaje kuwa si joto lililofanya hivyo? Maswali hayo ndiyo sayansi yenyewe, na hayajibiwi kwa kukariri kitabu.

Wala mlango huo si mgeni kwetu Waislamu. Ibn al-Nafis, tabibu aliyezaliwa nchi ya Sham na kufariki Cairo mwaka 1288, alieleza jinsi damu itokavyo upande wa kulia wa moyo ikapitia mapafuni kabla ya kufika upande wa kushoto. Mwingereza William Harvey alikitoa kitabu chake juu ya mzunguko wa damu mwaka 1628.

Na asiseme mtu kuwa shule zetu ni maskini. Shule ya Keriko iko kijiji kiitwacho Pwani, lakini si Pwani yetu hii, ni kule Njoro, Nakuru. Ni shule ya kutwa, nayo ilikuwa na kompyuta moja tu. Mwaka 2018 wanafunzi wake walionyesha katika mashindano ya kitaifa chombo cha kuwasaidia vipofu na viziwi kupima vitu. Mwaka uliofuata mwalimu wao, Peter Tabichi, alitunzwa Dubai dola milioni moja kwa kuwa mwalimu bora duniani.

Kwa mabinti zetu, kizuizi si sitara. Shirikisho la mpira wa vikapu duniani, FIBA, liliruhusu vilemba na hijabu uwanjani mwaka 2017. Suruali pana, kanzu fupi na mtandio uliofungwa vyema vyatosha kwa kupanda kidato. Kinachokosekana mara nyingi ni uwanja wenye ua, mwalimu wa kike wa kushika saa, na mama mmoja wa kufuatana nao safarini mashindano yakiwa mbali. Wazazi na wayaulize hayo katika mkutano wa mwanzo wa muhula, si siku basi limekwisha kuwashwa.