Kadi ya Kadenge iko wapi?

Mwezi Agosti 2020, kadi ya mchezaji besiboli Mike Trout ilinunuliwa mnadani nchini Marekani kwa zaidi ya dola milioni 3.9. Haikuwa kadi ya kale. Ilikuwa ya mwaka 2009, ina saini yake, na ya namna ile ilitolewa moja tu. Kilicholipiwa ni uchache, wala si karatasi.

Sisi wa Kakamega tuna uchache wa kutosha, tena wa bure! AFC Leopards, iliyoasisiwa 1964 kwa jina la Abaluhya, ilitwaa kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982 hadi 1984. Kadi ya mashujaa wale sijapata kuiona hata moja. Joe Kadenge alifariki 2019. Ulimi umemhifadhi: "Kadenge na mpira", kauli ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, husemwa hata na waliozaliwa baada ya Kadenge kutundika njumu. Kama mwanaisimu nafurahi, lakini ulimi hauhifadhi sura.

Sura zimo katika masanduku ya bati vijijini, mchwa wakizitafuna. Walimu wa historia, waagizeni wanafunzi wamwombe babu picha au tikiti ya zamani, kisha waandike nyuma yake, babu akiwa hai wa kuulizwa, jina la mchezaji, mechi na mwaka. Mkusanyaji wa Marekani husoma upande huo pia. Likizo ya Agosti yatosha kuanzia.