Mwili umepungua, shabaha haisogei: walemavu katika mchezo wa bunduki

FUNGURUME – Kwenye barabara ya taifa nambari 39, kati ya Likasi na Kolwezi, ni rahisi kukutana na mtu ambaye mwili wake umepungukiwa. Mmoja anaendesha kinga ya magurudumu matatu kwa mikono, amepakia mzigo wa kupeleka sokoni. Mwingine anatembea na magongo mawili huku malori ya shaba na kobalti yakimpita karibu. Kuna waliopata polio wangali wadogo, kuna walioanguka na pikipiki, na kuna walioangukiwa na udongo ndani ya shimo la kuchimba. Katika mji kama Fungurume, unaoishi kwa mgodi, mguu au mkono ukienda, mara nyingi kazi nayo inaenda.

Ukimzungumzia mtu kama huyo habari ya michezo, wengi watacheka. Ukitaja mchezo wa kulenga shabaha kwa bunduki, watakushangaa kabisa, kwa sababu katika Lualaba bunduki inajulikana begani mwa askari, wala haijulikani kama kitu cha mchezo. Lakini mchezo huo umekwenda mbali kuliko mingi katika kujibu swali gumu: mtu akipungukiwa kiungo, arudishiwe nini ili ashindane kwa haki, bila kuhurumiwa na bila kupendelewa?

Jibu lilianza kutafutwa zamani, na mtu wa kwanza kulitafuta kwa sifa kubwa hakusaidiwa na kanuni yoyote. Karoly Takacs alikuwa askari wa Hungaria na mpigaji hodari wa bastola. Mwaka 1936 alinyimwa nafasi ya kwenda kwenye Michezo ya Olimpiki kwa kuwa alikuwa na cheo kidogo. Timu ilikuwa ya maofisa peke yao. Mwaka 1938, wakati wa mazoezi ya jeshi, gruneti ililipuka katika mkono wake wa kuume, mkono aliolengea. Alikaa hospitalini karibu mwezi mmoja. Alipotoka, alianza kujifunza kulenga kwa mkono wa kushoto, kwa siri. Mwaka 1939 alionekana kwenye mashindano ya taifa, na wenzake wakadhani amekuja kuwasalimia na kutazama. Alishindana, akawashinda wote.

Vita vikafuta Olimpiki ya 1940 na ya 1944. Takacs akangoja. London 1948, akiwa na umri wa miaka 38, alichukua dhahabu ya bastola ya mwendo wa haraka, na huko Helsinki mwaka 1952 akaichukua tena. Inasimuliwa kwamba kabla ya mashindano ya London bingwa wa dunia kutoka Argentina alimuuliza amekuja kufanya nini, naye akajibu kwamba amekuja kujifunza.

Mwaka huohuo wa 1948, tarehe 29 Julai, siku Olimpiki ilipofunguliwa London, daktari Ludwig Guttmann aliandaa shindano dogo kwenye hospitali ya Stoke Mandeville, si mbali na mji huo. Washiriki walikuwa 16, wanaume 14 na wanawake 2, wote waliojeruhiwa jeshini, wote kwenye viti vya magurudumu. Mchezo ulikuwa kulenga shabaha kwa upinde na mshale. Shindano hilo ndilo lililozaa Michezo ya Paralimpiki. Bunduki yenyewe iliingia kwenye Paralimpiki mwaka 1976, huko Toronto, Kanada.

Kwa nini kulenga kunafaa mwili uliojeruhiwa? Mtu asiyeujua mchezo huu anafikiri kazi yote iko kwenye jicho na kidole. Sivyo. Chukua bunduki ya hewa, ile ya mita 10, isiyotumia baruti. Inaruhusiwa kuwa na uzito hadi kilo 5,5. Kirisasi chake kina upana wa milimita 4,5, na alama ya kumi katikati ya shabaha ni doa la nusu milimita tu, dogo kuliko ncha ya kalamu ya biki. Mtu mzima wa viungo vyote anasimama, anaegemeza kiwiko cha kushoto kwenye nyonga, na mifupa ya miguu na kiuno ndiyo inayobeba bunduki. Misuli ikibeba, itatetemeka. Anavuta pumzi, anaitoa nusu, anaizuia. Hata mapigo ya moyo yanaonekana kwenye mdomo wa bunduki, kwa hiyo mpigaji anajifunza kufyatua kati ya pigo moja na lingine. Hapo hakuna mbio wala nguvu ya kifua. Kinachotafutwa ni utulivu, na mtu ambaye mwili wake umemlazimisha kukaa, kungoja na kuhesabu kila mwendo anaweza kuujua utulivu kuliko mwenye miguu miwili.

Bado kuna tatizo. Asiye na miguu hana ile nyonga ya kuegemeza kiwiko, na mwenye mkono mmoja hawezi kuinua kilo 5 mbele ya uso. Kanuni za mchezo zinaingia hapo, na ni kanuni za kupima, kama mizani ya wanunuzi wa madini, ila hizi zinatakiwa zisidanganye.

Wapigaji wa bunduki wenye ulemavu wa viungo wanagawanywa katika makundi mawili makubwa. La kwanza, SH1, ni la wale wanaoweza kubeba uzito wa bunduki kwa mikono yao wenyewe. Shida yao kubwa iko miguuni au kiunoni. La pili, SH2, ni la wale ambao mikono yao haiwezi kubeba uzito huo. Wa SH2 wanapewa kisimamo: nguzo ya chuma yenye resori juu yake, na bunduki inalala juu ya resori. Resori ndiyo siri. Ingekuwa nguzo ngumu, bunduki ingetulia kama imefungwa kwenye meza, na mchezo ungekwisha. Resori inabeba uzito lakini inaacha bunduki icheze, juu, chini na pembeni, na mpigaji mwenyewe lazima aitulize. Resori inachaguliwa kufuatana na nguvu ya mpigaji. Asiyeweza kuweka kirisasi mwenyewe anaruhusiwa msaidizi wa kumwekea, lakini msaidizi hamfundishi wakati wa shindano.

Hata kiti kinapimwa. Waamuzi wa afya wanachunguza misuli ya tumbo na mgongo ya kila mchezaji kabla ya kumruhusu. Mwenye kiuno kizima anakaa bila egemeo la mgongo. Ambaye uti wa mgongo umekatika juu zaidi anapewa egemeo refu zaidi. Hakuna anayeongezewa kipande kwa ajili ya huruma. Na shabaha haisogezwi karibu, haipanuliwi hata milimita moja. Ni ileile ya watu wa Olimpiki.

Matokeo ya kanuni hizo yanaonekana. Jonas Jacobsson wa Sweden, aliyezaliwa akiwa amepooza miguu, alianza Paralimpiki mwaka 1980 akiwa kijana wa miaka 15. Mpaka London 2012 alikuwa amekusanya medali 30, na 17 kati yake ni za dhahabu. Mfaransa Tanguy de La Forest, mwenye ugonjwa wa misuli tangu utoto, alishinda dhahabu ya SH2 mwaka 2024 huko Châteauroux, mbele ya watu wa nchi yake.

Lakini habari iliyo karibu zaidi na maisha ya barabara ya 39 ni ya msichana wa India. Avani Lekhara wa mji wa Jaipur alikuwa na miaka kama kumi alipopata ajali ya gari mwaka 2012. Alipooza kuanzia kiunoni kwenda chini. Baba yake akamsukuma ajaribu michezo, na mwaka 2015 akashika bunduki ya hewa kwa mara ya kwanza. Mashindano ya mwanzo alishiriki kwa bunduki ya kuazima. Kwenye Michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, alichukua dhahabu ya mita 10, shindano linaloitwa la "kusimama" ingawa yeye analicheza akiwa ameketi, bila kuegemeza viwiko popote. Alipata alama 249,6 kwa risasi 24. Ukigawa, kila risasi ni 10,4, na juu kabisa inawezekana 10,9. Akawa mwanamke wa kwanza wa India kupata dhahabu ya Paralimpiki. Mwaka 2024, miezi michache baada ya kupasuliwa kuondolewa nyongo, alishinda tena, kwa 249,7.

Macho nayo ni kiungo, na hapa mchezo unawahusu hata wale wasiojiita walemavu. Mtu akipita miaka arobaini, jicho linaanza kushindwa kuona vizuri kitu kilicho karibu, na mafundi wa kuchomea vyuma wanalijua hilo mapema kuliko wengine. Bunduki ya mashindano ina tundu dogo sana la kutazamia. Tundu hilo linapunguza mwanga unaoingia na kufanya vitu vya karibu na vya mbali vionekane sawa kidogo. Mpigaji anafundishwa kuangalia alama ya mbele ya bunduki, huku shabaha yenyewe akiiacha ififie. Ambaye jicho lake la nguvu liko upande usiofaa analifunika kwa kipande cha karatasi au plastiki, au anahamisha bunduki bega la pili na kuanza upya, kama Takacs.

Asiyeona kabisa naye ana nafasi yake. Anavaa vifaa vya sauti masikioni, na chombo kwenye bunduki kinatoa mlio. Akiisogeza kuelekea katikati ya shabaha, mlio unabadilika mpaka anajua amefika. Analenga kwa masikio. Mashindano ya dunia ya aina hiyo yapo, ingawa hayajaingia kwenye Paralimpiki.

Na Kongo? Nchi yetu iliingia kwenye Paralimpiki kwa mara ya kwanza London 2012, na wanariadha wawili. Mmoja alikuwa Dedeline Mibamba Kimbata, mchezaji wa zamani wa basketi aliyepoteza miguu kwa sababu ya bomu la kutegwa ardhini. Alikwenda kushindana mbio za viti vya magurudumu bila kiti cha mbio kinachofaa. Anne Wafula Strike, mzaliwa wa Kenya aliyepata polio utotoni na ambaye amekimbilia Uingereza mbio hizohizo, ndiye aliyemsaidia kupata kiti. Mwili wa Kimbata ulikuwa umejitayarisha. Kilichopungua kilikuwa chombo, na hakikuwa kitu ambacho mwanamichezo mmoja angeweza kukitoa mfukoni mwake.

Kwa bunduki, ugumu ni mkubwa zaidi. Sheria ya silaha ya mwaka 1985 inamkataza raia kuwa na bunduki bila ruhusa ya serikali, na katika jimbo lenye askari, polisi wa migodi na walinzi kila upande, kijana akionekana na kitu kinachofanana na silaha anaweza kupoteza zaidi ya mchezo. Hakuna mzazi mwenye akili atakayemtuma mtoto wake njiani na bunduki ya hewa begani. Mchezo huu unahitaji uwanja uliofungwa, kitabu cha ruhusa, na mtu wa kuufungua na kuufunga mlango. Pia bunduki ya mashindano inauzwa maelfu ya dola.

Kuna mlango mdogo lakini. Mazoezi mengi ya mabingwa yanafanyika bila risasi: kushika, kupumua, kufyatua pasipo kitu ndani, mara mia kwa siku. Kuna nchi ambako watoto wanaanzia kwenye bunduki za mwanga, zinazotoa mshale wa leza tu, na huko hakuna polisi anayeogopa. Upinde wa mashindano nao uko kwenye Paralimpiki, una viti vyake na kanuni zake za kupima mwili, na ndio ulioanzisha yote pale Stoke Mandeville.

Kwa kisimamo cha SH2 si lazima kungoja meli kutoka Ulaya. Ni nguzo, mguu mzito wa kuikalisha chini, na resori iliyopimwa kanuni. Kinga nyingi za magurudumu matatu zinazopita kwenye barabara ya 39 ziliungwa na mafundi wa vyuma wa mitaani, na nguzo yenye resori ni kazi ndogo kuliko hiyo.