Udhia wa Pikipiki Katika Bustani za Umma

Bustani ya umma ni mali ya kila mtu: mtoto hucheza humo, mzee hunyoosha miguu, na mgonjwa hupata hewa safi. Basi huwaje siku aingiapo kijana na pikipiki, akazichimbua nyasi kwa magurudumu na kuwatawanya watoto kwa ngurumo?

Udhia huu umewasumbua sana watu wa miji ya Uingereza. Sheria ya huko ya mwaka 1988 inakataza kuendesha chombo cha moto katika ardhi isiyo barabara bila ya idhini, na ile ya mwaka 2002 iliwapa polisi uwezo wa kuitwaa pikipiki ya mwenye kuwaudhi watu. Lakini polisi hawezi kukaa kila mlangoni. Ndipo mabaraza ya miji yakasimamisha vizuizi vya chuma: nguzo mbili zilizoinamiana, kati yake pana chini na nyembamba juu, ili usukani wa pikipiki ukwame.

Ni hila nzuri, utasema. Lakini tazama, ndugu msomaji, ni nani aliyekwama. Kijana hutafuta tundu katika ua akapita. Abakiaye nje ni mlemavu katika kiti chake cha magurudumu, na mama mwenye kigari cha watoto pacha. Mwaka 2018 vilihesabiwa vizuizi zaidi ya 16,000 katika njia kuu za baiskeli za nchi hiyo. Nayo sheria ya usawa ya mwaka 2010 yawataka wenye kuhudumia umma wawaondolee walemavu vipingamizi kwa kadiri iwezekanavyo. Na mwongozo wa serikali wa mwaka 2020 ukashauri nafasi ya kupita iwe mita 1.5. Hapana shaka, pikipiki nayo hupita hapo.

Je, tuwaachie waudhi? La, hasha! Majirani wawaarifu polisi siku, saa na njia waitumiayo. Matundu ya ua yazibwe. Vijana wapatiwe kiwanja cha halali cha kuendeshea. Na mzazi aulize pikipiki aliyomnunulia mwanawe huenda wapi. Dhuluma haiondolewi kwa kumdhulumu mwingine.

Nawe kijana, kumbuka: kila chuma kisimamishwacho kwa ajili yako humfungia mlango mtu ambaye hakukukosea neno.