Uliza pia mchoro wa viungo

Anayejenga soko au ghala la vyuma huangalia paa. Mhandisi huangalia pale boriti inaposhikana na nguzo: bamba dogo lililochomelewa kwenye nguzo, kisha bolti zinazopita kwenye bamba hilo na ubavu wa boriti.

Siku hizi kiungo hicho huchorwa kwanza kwenye programu kama Tekla Structures. Mchoraji akiweka bamba peke yake, boriti ikibadilishwa ukubwa bamba hubaki lilipokuwa na matundu hayakutani tena. Akivifunga pamoja kama kiungo kimoja, vyote hufuata boriti. Kosa hilo mara nyingi huonekana fundi akiwa tayari juu, naye huanza kupanua tundu kwa moto wa gesi. Usimkubalie.

Hata hivyo, mchoro kukaa vizuri kwenye kompyuta hakuthibitishi kuwa kiungo kitabeba. Kansas City, Marekani, Julai 1981, vivuko vya ndani ya hoteli vilianguka na kuua watu 114. Kiungo kilikuwa kimebadilishwa, mzigo wake ukawa maradufu, na hesabu haikufanywa upya.

Kabla ya kumlipa mkandarasi, itisha michoro ya viungo yenye sahihi ya mhandisi aliyesajiliwa.