Nyonga zinauma baada ya kujifungua? Si kudeka, dada!

Jamani, kuna neno moja linanichosha hapa mjini: "anadeka." Mwanamke kajifungua, arobaini imepita, akishuka kwenye daladala anajishika kiuno kama bibi kizee, basi mawifi wanakonyezana. Shoga yangu mmoja wa Sinza aliambiwa hivyohivyo na mumewe, wakati kugeuka tu kitandani kulikuwa kunamtoa machozi.

Sasa nyie kina baba sikilizeni. Mimba ikitunga, mwili humwaga homoni, mojawapo inaitwa rilaksini, zinazolegeza kano zinazoshika mifupa ya nyonga. Mtoto akitoka, kano hazikazi siku ileile. Huchukua wiki, mara nyingine miezi. Misuli ya tumbo na makalio nayo imelegea, halafu mwenzenu ana ndoo mkononi na mtoto ubavuni. Pasiume kwa nini?

Nilimpeleka shoga kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Hakupigwa sindano wala nini. Alikatazwa kumbeba mtoto upande mmoja, na kuvaa akiwa amesimama kwa mguu mmoja; akae kitandani avae. Usiku alale ubavu, mto katikati ya magoti, na akigeuka ayabane magoti pamoja. Kisha zoezi: unalala chali, magoti umekunja, unainua makalio taratibu, unahesabu hadi 5, unashusha. Mara 10. Na lile la kubana kama unayezuia mkojo (hata kwenye foleni ya benki unalifanya, nani atajua?). Maumivu yakizidi, Panadol ya kawaida kwa kipimo chake, anayenyonyesha anaruhusiwa. Haikuwa miujiza, ila mwezi wa tatu alikuwa anapanda ngazi bila kushika ukuta.

Na maji ya moto ya mama mkwe? Taulo la vuguvugu kwenye nyonga, ruksa. Yanayochemka hapana, na kwenye mshono wa opereshini msisogee kabisa.

Lakini yapo maumivu yasiyongoja zoezi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, huenda damu imeganda kwenye mshipa. Pumzi ikibana, kimbieni hospitali usiku huohuo. Homa, ganzi sehemu za siri, mkojo kukataa kutoka au unyayo usioinuka, vivyo hivyo. Na mwenye selimundu asikubali kuambiwa ni uzazi tu: kichwa cha mfupa wa paja chaweza kuwa kinakosa damu. Adai eksirei.