Elimu ya Sabuni (4): Vumbi Jeupe Juu ya Mche

Habari za magadi ya Engaruka, wilayani Monduli, ambayo Shirika la Maendeleo la Taifa limekuwa likikusudia kuyachimba, zimerudi tena magazetini, nami nazifurahia, kwa kuwa zimenipa fursa ya kuwajibu wasomaji wanaolalamika kwamba sabuni waliyoimimina usiku katika kibao huikuta asubuhi imefunikwa na vumbi jeupe. Vumbi hilo ni magadi yale yale. Kostiki, ile soda kali ya kupikia sabuni, ambayo bado haijashikana na mafuta, ikikutana juu ya sabuni mbichi na kaboni dioksaidi iliyomo hewani, hugeuka kuwa magadi soda, kitu kile kinachotolewa katika Ziwa Magadi la Kenya na kampuni iliyoundwa mwaka 1911.

Na kitu hiki tunachokifuta kwa hasira, wenzetu wa zamani walikitafuta kwa mashaka makubwa. Wapishi wa sabuni wa Nablus walikitoa katika majivu ya mimea ya nyikani, na Wahispania wa Alicante wakachoma mimea ya ardhi ya chumvi, wakawauzia majivu yake mafundi wa Ufaransa. Majivu yalipokuwa ghali na haba, Akademia ya Sayansi ya Paris ilitangaza tunzo kwa yeyote atakayeweza kutoa magadi katika chumvi ya kawaida. Aliyeweza ni Nicolas Leblanc, tabibu wa mwana wa ukoo wa kifalme wa Orléans: aliichemsha chumvi kwa asidi ya salfa, kisha kilichopatikana akakichoma pamoja na mawe ya chokaa na makaa. Mwaka 1791 alipata hati ya haki ya ubunifu wake, na kiwanda kikasimama Saint-Denis. Lakini mwaka 1793 mfadhili wake, yule wa ukoo wa Orléans, alikatwa kichwa katika mapinduzi ya Ufaransa, kiwanda kikatwaliwa na serikali, na siri ya kazi ikatangazwa kwa watu wote. Ile tunzo hakuipata, na mwaka 1806, akiwa fukara, alijiua. Baadaye elimu yake iliwatajirisha wenye viwanda wa Uingereza, ambao moshi wao wa asidi uliunguza miti na mazao hata Bunge la huko likalazimika kutunga sheria mwaka 1863.

Sisi tumeruzukiwa magadi bila ya jasho la Leblanc, lakini dhuluma aliyotendewa haijatoweka duniani. Vijana wa Monduli na wa kandokando ya Ziwa Natron wasipofundishwa kemia ya kitu kilichomo katika ardhi yao, watabaki wachukuzi wa magunia, na faida itakwenda kwa wenye maarifa. Hilo nimelisema miaka mingi, na sitachoka kulisema.

Ama kuhusu kibao chako, dada yangu, dawa ni nyepesi. Punguza maji: kwa gramu 100 za kostiki tia gramu 200 za maji, wala usifike 300. Koroga mpaka uwe uji mzito ambao alama ya mwiko hubaki juu yake, kisha mimina, funika kwa nailoni isiyogusa sabuni, na juu yake tandika blanketi, ili hewa isiingie na sabuni iive kwa joto lake yenyewe muda wa siku nzima. Vumbi likitokea hata hivyo, halina madhara: lipitishie mvuke wa birika, au liache liondoke katika kuoga mara ya kwanza. Asikushawishi mtu kuongeza magadi kusudi ili mche uwe mzito sokoni. Huo ni wizi wa mizani, na ngozi za watoto ndizo zinazoulipia.

Illa tofautisha. Magadi ni unga mkavu, nao hukaa juu palipoguswa na hewa. Ukikata mche ukakuta ndani vijiwe ving'aavyo au matone ya maji yanayochoma kidole, hiyo ni kostiki iliyokosa mafuta. Mche huo usiuzwe wala usitumiwe. Namna ya kuuyeyusha na kuupika upya tutaieleza juma lijalo.