Watoto wa Kariakoo na njia isiyo na magari: Vilima vya Pugu haviko mbali

Na Mwandishi Wetu

Watoto wengi wanaokulia katika ghorofa za Kariakoo hufikia umri wa kubaleghe bila ya kuwahi kuendesha baiskeli zaidi ya mita hamsini. Aghalabu kikwazo si uwezo wa mzazi, kwani baiskeli zinauzwa humo humo Kariakoo, mpya na zilizotumika, za kila kimo. Kinachokosekana ni mahali pa kuendeshea. Chini ya ghorofa kuna meza za wafanyabiashara, mikokoteni, bajaji, bodaboda na malori yanayoshusha mizigo. Baiskeli iliyonunuliwa kwa ajili ya Idi huishia kufungwa kwenye ngazi, hata mtoto akaipita kwa kimo.

Makala haya yanawahusu wazazi hao. Yanataka kuonyesha kwamba njia isiyo na magari ipo, umbali usiozidi safari ya asubuhi moja, na kwamba nyingine yaweza kupatikana karibu zaidi iwapo tutaidai wakati huu.

Baiskeli haikuwa ngeni mjini

Isidhaniwe kuwa baiskeli ni jambo la kigeni kwetu. Hadi leo Kariakoo inaishi kwa baiskeli kuliko inavyokiri. Magunia na makasha ya maji husukumwa kwa guta. Alfajiri wachuuzi wa mikate na samaki huzunguka mitaani na matenga nyuma ya tandiko. Mkaa umekuwa ukiingia mjini kutoka upande wa Kisarawe juu ya baiskeli, magunia mawili au matatu yakiwa yamefungwa kwa mipira, na mwendeshaji akisukuma kwa miguu kila penye mwinuko.

Mabasi ya mwendo wa haraka yalipoanza mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ilijengewa pia njia za waenda kwa miguu na za baiskeli. Lilikuwa jambo jema, na mwaka 2018 jiji letu lilipata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, likiwa la kwanza Afrika kuipata. Lakini kila apitaye huko anajua hali ilivyo: sehemu nyingi za njia hizo zimegeuka kuwa vibanda, maegesho na mapito ya bodaboda. Mzazi mwenye busara hawezi kumwachia mtoto wa miaka tisa apite hapo peke yake.

Mtoto ni amana

Hofu ya mzazi huyo ina msingi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, nazo ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Dini yetu imetufundisha kuwa njia ina haki yake, na kwamba kuondoa njiani kile kinachodhuru ni sadaka. Iwapo kuondoa mwiba kuna malipo, sembuse kuondoa hatari inayochukua roho ya mtoto?

Wako waliolifanya hilo. Uholanzi, ambayo leo husifiwa kwa baiskeli zake, haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1971 pekee watoto zaidi ya 400 waliuawa na magari nchini humo. Wazazi waliingia barabarani kudai usalama wa watoto wao, na njia za baiskeli tunazoziona leo ni tunda la madai hayo. Karibu nasi, mji wa Kigali ulianzisha mwaka 2016 siku isiyo na magari, ambapo barabara teule hufungwa kwa saa kadhaa asubuhi, na familia hutembea, hukimbia na kuendesha baiskeli. Kigali ni mji wa milima na hauna utajiri kuliko wetu.

Kilimani unapoanzia mto

Sasa tutazame kwetu. Nyuma ya Kariakoo, bondeni Jangwani, unapita Mto Msimbazi. Wengi wetu tunaujua kwa mafuriko na taka zake tu. Lakini mto huu wenye urefu wa takriban kilomita 35 unaanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, ambako ungali kijito chini ya miti. Hapo ndipo ulipo msitu wa hifadhi ya mazingira asilia wa Pugu na Kazimzumbwi, wenye zaidi ya hekta 7,000, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania.

Vilima hivyo havitishi. Vinafika takriban mita 300 juu ya usawa wa bahari. Ndani ya hifadhi mna njia za udongo mwekundu na changarawe ambamo gari ni nadra kuonekana. Mna kivuli, bwawa la Minaki, na mapango ya popo yaliyobaki kutokana na uchimbaji wa zamani wa udongo mweupe wa kaolini. Kutoka Kariakoo mtu hushika Barabara ya Nyerere, akapita uwanja wa ndege, Gongo la Mboto na Pugu, hadi Kisarawe. Ni umbali wa kilomita 30 hivi. Sehemu hiyo ya lami isiendeshwe na watoto. Baiskeli zipakiwe kwenye gari dogo la mizigo, familia tatu au nne zikichangia gharama, na safari ya baiskeli ianzie langoni, baada ya kulipa kiingilio na kuelekezwa njia zilizo wazi siku hiyo.

Wakati mzuri ni miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba. Masika na vuli udongo ule huteleza, na breki za baiskeli nyingi hupoteza nguvu zikilowa. Mwenye hamu ya milima mikubwa zaidi atazame Uluguru, inayopita mita 2,600, na ambako unaanzia Mto Ruvu unaotunywesha wakazi wa jiji hili. Treni ya umeme iliyoanza Juni 2024 imeifanya Morogoro kuwa jirani. Lakini mwinuko wa kule ni wa vijana waliokwisha kuzoea. Mtoto aanzie Pugu.

Baiskeli ya babu yafaa

Siku hizi katika nchi tajiri umezuka mtindo wa baiskeli maalumu za changarawe, na bei zake ni za kutisha. Msomaji asishtuke. Kinachozitofautisha baiskeli hizo na za mashindano ya lami ni, kwanza kabisa, tairi pana: aghalabu milimita 35 hadi 45. Basi itazame ile baiskeli nyeusi ya babu, ya gurudumu la inchi 28. Tairi yake ina upana wa inchi moja na nusu, yaani milimita 38. Ilitengenezwa wakati barabara nyingi hazikuwa na lami, nayo ingali inafaa kwa kazi ile ile.

Upungufu wake uko kwingine. Haina gia, hivyo penye mwinuko mkali mtu hana budi kushuka na kusukuma, jambo lisilo na aibu. Breki zake za vyuma ni dhaifu kwenye mteremko, hivyo fundi azikaze na abadilishe raba zilizolika kabla ya safari. Kwa watoto, baiskeli ya mtumba yenye gia na tairi za vijiti vya mpira inatosha. Upepo wa tairi upunguzwe kidogo kuliko wa lami, kiasi cha tairi kubonyea kwa kidole lakini rimu isiguse jiwe. Kila kundi liwe na pampu, viraka na gundi, na kila mtoto avae kofia ngumu, hata kama hakuna gari. Jiwe nalo huvunja kichwa.

Mabinti wasiachwe nyumbani

Swali litaulizwa, na ni haki kuulizwa: na mabinti? Safari ya familia, wakiwa na baba, kaka au mjomba, mahali penye utulivu, ni fursa ambayo mtaa wenye msongamano haimpi binti. Stara inawezekana bila taabu. Suruali pana chini ya gauni linalofika magotini inatosheleza. Baibui refu lenye kupepea ni hatari kwa kuwa hunaswa na cheni. Hijabu ibanwe vizuri chini ya kofia, na cheni iwe na kinga. Kina mama wanaopenda waendeshe, na wasiopenda watembee. Msitu una nafasi kwa wote.

Kuhusu sala, mpango mwepesi ni kuondoka mara baada ya Alfajiri, kuanza kuendesha jua lingali changa, kupumzika kwa tende, maji na mihogo saa nne, na kuswali Adhuhuri kabla ya kurudi. Maji ya kunywa yabebwe ya kutosha, na ya udhu yawekwe kando. Taka zote zirudi na wenyewe. Kinachotupwa Pugu mvua huweza kukiteremsha mpaka Jangwani.

La kudai sasa

Hata hivyo, safari ya Pugu mara moja kwa miezi miwili haitoshi, wala si kila familia itamudu nauli. Mtoto wa Kariakoo anahitaji njia ya kila siku. Na hapa mto ule ule unaturudisha nyumbani.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi. Ndani ya mradi huo, pamoja na daraja jipya la Jangwani, imo bustani ya jiji katika sehemu ya chini ya bonde. Mtu akitoka Mtaa wa Msimbazi kwa miguu hafiki mbali kabla hajaliona bonde hilo.

Bustani bila njia ya baiskeli itakuwa nusu ya neema. Na njia ya baiskeli bila vizuizi vya kuzuia bodaboda itakuwa kama zile za Barabara ya Morogoro. Mambo haya mawili ni mepesi kuwekwa wakati wa ujenzi, na ni magumu mno kuyaongeza baadaye. Wajumbe wa serikali za mitaa, madiwani, kamati za misikiti na za shule za Kariakoo, Jangwani na Magomeni wanaweza kuyaandika katika barua moja na kuipeleka kwa wahusika. Familia zilizohamishwa bondeni zimetoa makazi yao kwa ajili ya usalama wa jiji. Ni haki ardhi waliyoiacha iwe na nafasi ya watoto wote kupita salama.

Wabillahi tawfiiq.